CHEO KIISHIE KWENYE MSTARI WA CHOKAA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengi wamelihesabu kuwa dogo, nami naliona kubwa. Jambo lenyewe ni sheria za ligi ya mpira wa magongo, inayokusudiwa kuchezwa kila Jumamosi jioni kati ya watumishi wa ofisi mbalimbali za hapa Mwanza. Andiko la kwanza la sheria hizo limekwisha kupita mikononi mwetu. Nimelisoma mara tatu, kama impasavyo karani kuisoma karatasi kabla ya kuitia sahihi, nami nimeona kwamba limetungwa kwa faida ya watu wachache. Likipita hivyo lilivyo, ligi itakufa kabla ya masika, ama itaishi na kutudhuru.

Vifungu vitatu na pengo moja ndivyo vilivyonishikisha kalamu. Kifungu cha kwanza chasema kwamba mkuu wa idara, akiwapo uwanjani, ndiye nahodha wa timu ya idara yake, wala hatatolewa nje ila kwa hiari yake mwenyewe. Cha pili chasema mwamuzi atateuliwa na ofisi iliyo mwenyeji wa mchezo. Cha tatu chaipa kila timu ruhusa ya kuchezesha watu wawili walioitwa "marafiki wa ofisi". Na pengo ni hili: hapana neno hata moja juu ya gongo kuinuliwa, wala mpira kurushwa usoni pa watu, wala nani atakayemtazama aliyeumia.

Wako wenzetu wasemao, "Huu ni mchezo tu, ndugu; ya nini kugombania karatasi?" Hao nawajibu kwamba mchezo wahitaji sheria njema hata kuliko kazi. Kazini mtu huyavumilia mengi kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Mchezoni hana sababu ya kuvumilia. Akionewa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo atabaki nyumbani kulima bustani yake, au atashuka ufukoni kununua sato, nasi hatutamwona tena. Na yule atakayeendelea kuja kwa kumwogopa mkubwa wake, hali yake ni mbaya zaidi, kwa maana burudani yake imekwisha kugeuka kazi ya ziada isiyo na mshahara.

Kwanza na tuutazame mchezo wenyewe. Gongo lina upande bapa na upande wa mviringo, na mchezaji aruhusiwa kuupiga mpira kwa upande bapa tu, ule wa kushoto. Hata mtu wa mkono wa kushoto hana gongo lake la peke yake. Sharti ajifunze kucheza kama wengine. Hapana ruhusa ya kuuzuia mpira kwa mguu wala kwa mwili, isipokuwa kwa mlinda lango. Bao halihesabiwi ila mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya duara lililochorwa mbele ya lango, ambalo mstari wake ni mita 14.63 kutoka mstari wa goli. Na katika kona ya adhabu, pigo la kwanza la nguvu kuelekea langoni halikubaliwi likivuka mstari wa goli juu ya milimita 460, yaani kimo cha ubao ulio chini ya lango. Tazameni jinsi kila sheria hapo inavyomfunga mwenye nguvu. Waliozitunga walijua kwamba fimbo mkononi mwa mtu aliyeghadhibika ni silaha, na mpira ule mgumu, wenye uzito wa gramu 156 hadi 163, ni jiwe. Basi yashangaza kwamba sisi, tulio wageni katika mchezo huu, tunazifungua kamba zilizofungwa na wenye ujuzi.

Sasa nije kwenye kifungu cha nahodha. Simvunjii mkubwa wangu heshima. Aingiapo ofisini nasimama; aniitapo naitika; anitumapo naenda. Hayo ni ya ofisini, nayo ni mema. Lakini uwanjani hapana faili wala mhuri. Pana mpira mmoja, na mtu mwenye kasi ataufikia kwanza, awe mkurugenzi au awe tarishi.

Wahabeshi wana mchezo wao wa kale wa magongo, uitwao genna, uchezwao wakati wa Krismasi yao. Nao wana msemo wa zamani ambao maana yake ni kwamba katika mchezo wa genna bwana hakasiriki. Nchi ile ilikuwa na wafalme, na mabwana wa ardhi, na watumishi wao, na daraja kati ya watu ilikuwa ndefu kuliko ngazi yoyote ya mishahara yetu. Walakini walipoingia katika magongo walikubaliana kwamba bwana akipokonywa mpira na mtumishi wake, hana ruhusa ya kuona uchungu. Ikiwa mabwana wa Uhabeshi waliweza, wakuu wetu wa idara watashindwaje?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Usukumani Wagika na Wagalu wameshindana ngoma tangu vizazi vilivyopita. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na lile livutalo watazamaji wengi ndilo lishindalo. Hapana amri ya mtu inayoweza kuwazuia watu wasiondoke mbele ya ngoma iliyopooza. Asiyesadiki na aende Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, ajionee jinsi umati unavyohama kama maji. Mchezaji hodari wa ngoma hupata jina kwa jasho lake, wala haulizwi anakalia kiti gani. Haya ndiyo malezi ya nchi hii, na kifungu cha nahodha wa cheo ni kigeni kwetu.

Katika mchezo mmoja wa majaribio nilioutazama, mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, aliinua gongo juu ya bega na kulishusha kwa nguvu, likampata kijana wa masjala kwenye vidole. Mwamuzi alikuwa karani wa idara ya mkubwa yule yule. Aliliona tendo lile kama sisi sote tulivyoliona, kisha akageuza uso kulitazama ziwa. Filimbi ilikuwa kinywani mwake, lakini haikulia. Kijana yule alikaa siku tisa hawezi kuchapa barua wala kushika kalamu. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakudai. Wasomaji, karani ana nini cha kumlisha zaidi ya vidole vyake? Mkulima akivunjika jembe hununua jingine. Sisi duka la vidole hatulijui.

Simlaumu sana mwamuzi yule. Nawalaumu waliomweka pale. Nani atakayempulizia filimbi mtu ambaye mwisho wa mwaka ndiye atakayempima kazi yake na kuandika kama anafaa kupandishwa daraja au hafai? Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kifungu cha pili chawapa wenyeji wa mchezo ngoma, na ngozi, na kamba, kisha chawaambia wageni waje wacheze.

Kifungu cha tatu ni cha "marafiki wa ofisi". Tuliite jambo kwa jina lake: hao ni mamluki. Neno hili si geni kwa mtumishi yeyote aliyewahi kufuata michezo ya wizara na idara chini ya SHIMIWI, wala hatuna haja ya kufundishwa maana yake. Ni mtu asiyejua hata mlango wa ofisi uko upande gani, lakini Jumamosi amevaa fulana yake. Mtumishi aliyefanya mazoezi mwezi mzima hukaa benchi amshikie viatu.

Wenye kukitetea kifungu hiki husema kwamba mchezo hautakuwa na ladha bila watu hodari. Nawakumbusha mwaka 1980. Timu ya Tanzania ya magongo ilikwenda Moscow katika Michezo ya Olimpiki. Mataifa mengi yalikuwa yamesusa, zikabaki timu sita za wanaume. India, ambayo ndiyo iliyotwaa nishani ya dhahabu, ilitufunga mabao 18 kwa 0, nasi tukamaliza wa sita. Siwacheki vijana wale hata kidogo. Walikwenda mahali ambapo kila taifa huleta wakali wake, wakasimama mpaka filimbi ya mwisho, na hiyo ni heshima. Lakini ile ilikuwa Olimpiki. Hapa kwetu nani atatoka nyumbani kwake kila Jumamosi kwenda kufungwa kumi na nane, ili watu wawili wasio watumishi wajione mabingwa mbele ya wahasibu na mabwana mifugo?

Na katika Moscow hiyo hiyo lilitokea jambo jingine lipasalo kukumbukwa. Wanawake wa Zimbabwe walikusanywa wiki chache tu kabla ya safari, kwa kuwa nafasi ilipatikana baada ya wengine kususa. Hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Walicheza michezo mitano, hawakufungwa hata mmoja, wakarudi na dhahabu ya kwanza ya magongo ya wanawake katika historia ya Olimpiki. Nalisema hili kwa sababu nimesikia kwa masikio yangu kwamba dada zetu wa ofisini watakuwa washangiliaji na waleta maji. Nani kawaambia? Ligi ni ya watumishi, na mtumishi ni yule aliye katika orodha ya mishahara, mwanamume au mwanamke.

Sasa nakuja kwa hoja yao iliyo nzito kuliko zote, nami sitaikwepa. Wasema, "Tukiwaudhi wakubwa hatutapata uwanja, wala magongo, wala fedha, na bila hivyo hapana ligi." Ni kweli kwamba Mwanza ni mji wa mawe, na mahali tambarare ni haba. Ni kweli pia kwamba uwanja kamili wa magongo, wenye mita 91.4 kwa 55, hatutaupata kwa maneno matamu. Lakini nani alisema tunahitaji uwanja kamili? Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, nao hupatikana katika shule nyingi, tukiomba kwa adabu na kuuacha safi. Huko Kanada, ambako magongo huchezwa juu ya barafu, wapo watu wengi wanaoyacheza kwa miguu mitupu ya viatu vya raba, bila barafu, wachezaji watano mbele ya mlinda lango, kwa mpira mwepesi, na ligi zao za burudani hukataza watu kugongana miili. Shirikisho la dunia la mchezo huu nalo limekubali timu za watu watano kwa jumla, na kombe la dunia la namna hiyo lilichezwa Muscat, Oman, mwezi wa Januari 2024. Basi udogo wa uwanja si aibu. Fundi seremala mzuri atatuchongea magongo ya mafunzo, na mchango mdogo wa kila mchezaji utanunua mipira na chokaa.

Mkubwa atakayetusaidia kwa moyo mweupe, tutamshukuru mbele ya watu. Lakini mkubwa atoaye fedha kwa sharti kwamba asitolewe nje hakutupa zawadi. Amejinunulia timu, na sisi tumo ndani ya bei.

Kukosoa bila kutengeneza ni kazi ya mvivu. Kwa hiyo naweka hapa vifungu saba, navyo vipimwe na kila msomaji:

1. Mchezaji awe mtumishi aliyeandikwa katika orodha ya timu yake. Orodha ifungwe siku saba kabla ya mchezo wa kwanza. "Rafiki wa ofisi" akae upande wa watazamaji, na karibu sana.

2. Nahodha achaguliwe na wachezaji kwa kura ya siri. Wakimchagua mkuu wao wa idara, vema, amepewa na wenziwe. Wakimchagua tarishi, mkuu amtii mpaka mchezo uishe.

3. Mchezo uwe na vipindi vinne vya dakika kumi kumi. Kila aliyeandikwa na kufika kwa wakati acheze kipindi kimoja kizima, si chini ya hapo.

4. Gongo lisipande juu ya kiuno, wakati wa kulivuta nyuma wala baada ya kupiga. Mpira mwepesi ndio utumike, nao usirushwe juu ya goti palipo na watu. Kosa la kwanza, dakika mbili nje. La pili, dakika tano. La tatu, mchezaji atoke, wala asicheze mchezo unaofuata. Adhabu hii haina daraja la mshahara.

5. Waamuzi wawe wawili, nao watoke katika ofisi zisizocheza siku hiyo, kwa kupigiwa kura ya bahati. Mwenye malalamiko ayaandike ndani ya siku tatu, yasikilizwe na watu watatu wasiocheza katika ligi. Mtu yeyote atakayemwuliza mwamuzi ofisini kwa nini alipuliza filimbi, timu yake inyang'anywe pointi za mchezo ule.

6. Mlinda lango avae kofia ya kinga, na kinga za miguu na mikono. Sanduku la dawa liwepo kabla mpira haujawekwa chini. Lisipokuwepo, hapana mchezo.

7. Timu moja ikizidi nyingine kwa mabao matano, iondoe mchezaji mmoja mpaka pengo lipungue. Tumekuja kucheza, hatukuja kuzikana.

Najua watakaosoma kifungu cha saba watacheka, waseme kwamba ni huruma za watoto. Na wacheke. Timu iliyofungwa mbili itarudi Jumamosi ijayo, nayo ikirudi, ligi ina uhai. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini na yule asiyempa mwenzake nafasi ya kushindana, naye si mshindani.

Waliotutangulia walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, waliwakusanya Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila mbalimbali, katika chumba kimoja. Naona waliutambua ukweli ambao sisi tunaelekea kuusahau, kwamba karani peke yake sauti yake haifiki mezani, na kwamba neno lililoandikwa na kukubaliwa na wote ndilo ngao ya mdogo. Mkubwa aweza kuishi bila sheria, kwa kuwa neno lake lamtosha. Mdogo hana neno hilo. Ana karatasi tu. Ndiyo sababu nagombania karatasi, enyi mlioniuliza.

Mkutano wa kupitisha sheria utaitwa, na andiko litaletwa tena mbele yetu kwa haraka, labda saa ya watu kurudi nyumbani, kila mmoja akitazama daladala ya Nyegezi au ya Kisesa. Nawasihi tusikae kimya mkutanoni halafu tukanung'unika njiani. Kila mmoja na asome kabla ya kutia sahihi. Aulize: nikiumizwa, kimeandikwa nini? Nikionewa, nani atasikiliza? Nikiwa dhaifu kuliko wote, je, nami nitacheza? Asipopata majibu katika karatasi, sahihi yake na ibaki katika kalamu.

Na wakuu wetu, ambao wengi wao ni watu wa haki, naamini wataona kwamba vifungu hivi havikuandikwa ili kuwashusha. Mkubwa anayetolewa dakika mbili kwa kosa lake, akatoka bila kununa, akakaa benchi pamoja na vijana wake, Jumatatu atarudi kwenye kiti chake akiwa na heshima zaidi ya ile aliyoondoka nayo Ijumaa.

Wasalaam. Mimi mwenzenu katika utumishi,

KARANI, MWANZA